Dola za Ngatia Zapigwa Pasi

"Siku yangu ya kuingia benki, benki itasimamisha kazi! Na polisi atanisimamia na bunduki, kama mkuu wa mkoa!"

Maneno hayo yalitoka kinywani mwa Ngatia, dobi, mkazi wa Ruring'u pale Nyeri, na hayakutoka kilabuni, mahali ambapo mtu anaweza kuamka kesho yake na kusema ilikuwa pombe. Aliyasema harusini, mchana peupe, kwa kipaza sauti cha kukodi, mbele ya mchungaji, na kinywaji pekee kilichokuwa mezani kilikuwa soda ya machungwa. Kwa hiyo hakuwa na pa kujificha.

Kusema kweli, alichokozwa. Harusi ilikuwa ya binti wa jirani yake, Wamae, mtu mwenye ng'ombe wanne wa gredi, wale wa kizungu, tumbo lililomtangulia kila alikokwenda, na tabia ya kuwataja ng'ombe wake kana kwamba aliwazaa mwenyewe. Alipopewa nafasi ya kushukuru wageni, Wamae aliwashukuru wageni, akawashukuru wakwe, akawashukuru wapishi, akaishukuru mvua kwa kutonyesha. Shukrani zilipomwishia, macho yake yakatua kwa Ngatia.

"Na jirani yangu Ngatia pia amekuja. Ngatia, hebu simama watu wakuone. Huyu ndiye mwenye ile zizi ya simiti. Mwaka wa pili sasa zizi iko tayari na ng'ombe hakuna. Watu wananiuliza, ati hiyo ni kanisa ya dhehebu gani? Ibada inaanza lini?"

Watu walicheka mpaka hema likatikisika. Mchungaji naye alicheka, kisha akakumbuka cheo chake, akajifanya anapenga kamasi.

Watiri, mkewe Ngatia, hakucheka. Mchanga wa ile sakafu aliubeba yeye kutoka mtoni, kwa mgongo, kamba kichwani. Ng'ombe wao wa pekee alikuwa amekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na tangu siku hiyo kila asubuhi Watiri alishika chupa na kwenda kusimama langoni kwa Wamae kununua maziwa. Murugi, mkewe Wamae, aliyamimina polepole kama anayetoa damu yake, na juu ya maziwa akaongeza ushauri, huo bure: "Mama Wachuka, ng'ombe si ya kila mtu." Maziwa yenyewe yalikuwa yamekwisha kubatizwa kabla ya kufika langoni. Ungeyatia kwenye chai, na chai isijue kwamba kuna mgeni.

Basi Ngatia akasimama. Akapita katikati ya meza, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Wamae, akasema yale ya benki na bunduki, na kwa kuwa watu walikuwa wanapiga makofi, akaongeza la pili:

"Na ile mtamba ya Mzee Kingori wa Kiganjo, Jumamosi italala kwa zizi yangu!"

Sasa, Mzee Kingori alikuwa ameketi palepale, meza ya tatu, anashughulika na mfupa. Kila mtu alijua anauza mtamba mwenye mimba, mweusi kwa mweupe, na kila mtu alijua Wamae amemtolea macho awe ng'ombe wake wa tano. Kingori alikuwa mtu wa maneno machache, kwa sababu maneno hayakuwa na bei sokoni. Akautoa mfupa kinywani.

"Nauza Jumamosi tu, kabla jua izame," akasema. "Wa kwanza kufika kwangu na pesa mkononi, ndiye mwenye ng'ombe. Cheki sitaki. Ahadi sitaki. Na kipaza sauti sitaki."

Akaurudisha mfupa.

Njiani kurudi nyumbani, walipopita uwanja wa michezo, Watiri akauliza.

"Baba Wachuka, ni benki gani hiyo umesema?"

"Benki."

"Umewahi kuingia benki?"

"Nimewahi kupita nje."

Watiri alijua pesa zipo. Shida ni kwamba hazikuwa shilingi.

Ngatia alikuwa ameajiriwa mwaka mmoja kabla ya uhuru, katika hoteli ya watalii huko juu, ukingoni mwa msitu wa Nyandarua. Wageni walitoka Ulaya na Amerika, wakalipa pesa nyingi ili wakeshe kwenye baridi wakitazama ndovu, kazi ambayo watu wa kwao Ngatia walikuwa wakiifanya bure miaka yote, wakilinda mahindi. Wageni walipokuwa wakitazama ndovu, Ngatia alikuwa chumba cha nyuma, mvuke usoni, akizishughulikia nguo zao.

Na kwa nguo alikuwa bingwa. Shati lililotoka mikononi mwa Ngatia lingeweza kusimama kortini peke yake likatoa ushahidi. Wanga wa pakiti aliudharau. Wanga wake ulitokana na mchele wa Mwea, aliotumiwa na dada yake aliyeolewa huko. Aliuchemsha mpaka uwe uji, akauchuja kwa kitambaa, akautumbukizia shati, akalinyonga, akalipiga pasi likiwa bado na unyevu. Mgeni alilivaa akatembea kifua mbele hata kama kwao alikuwa mtu wa kuinama.

Mifuko ya watalii huwa na mambo. Ngatia aliwahi kukuta pete, pasipoti, na mara moja meno ya mzee mzima yakimchekea kutoka mfuko wa suruali. Vyote alivirudisha. Mgeni aliyerudishiwa meno yake hufurahi, na akifurahi hutoa alicho nacho, na alicho nacho ni pesa za kwao: dola, pauni, maki za Wajerumani, faranga za Waswisi. Ngatia alishukuru, akazipokea, akazipeleka nyumbani zikaingia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, uliotundikwa juu ya meko.

Hakuwahi kuzibadilisha kwa sababu moja tu. Alijua karani wa benki atamwuliza, dobi wewe, pesa hizi za wazungu umezitoa wapi? Na jibu la kweli lilikuwa "mifukoni", na hilo lingesikika kama wizi. Miaka zaidi ya kumi alilitafuta jibu zuri kuliko hilo na hakulipata, na mkebe ukazidi kujaa, ukila moshi na kunusa mafuta. Sasa amejitangaza kwa kipaza sauti. Mdomo ulikuwa umekwisha kuvuka mto. Miguu haikuwa na budi kufuata.

Jumatatu alimwendea Peterson, karani wa mapokezi hotelini, kijana wa tai na mafuta ya nywele, ambaye aliongea Kiingereza hata na paka.

"Peterson, mtu akitaka kubadilisha pesa za nje, nyingi, anajitayarisha aje?"

Peterson alimtazama juu chini. "Nyingi kiasi gani, mzee?"

"Za ng'ombe."

"Aa! Hiyo ni kitu ingine." Peterson akanyoosha tai. "Kwanza, barua ya meneja wetu, aseme ni bakshishi ulipewa na wageni, hukuiba. Pili, kitambulisho. Tatu, koti. Benki, mtu bila koti anaonekana kama amekuja kuuza mayai. Nitakuazima yangu. Lakini kitu ya muhimu sana ni noti zenyewe. Ziko hali gani?"

Ngatia akaukumbuka mkebe. "Ziko na... umri."

"Basi umepatikana. Benki hawataki noti chafu. Hata mkunjo hawataki! Dola ikiwa na mkunjo, wanaiangalia hivi, kama kidonda."

Ngatia alirudi chumbani kwake ametulia kabisa. Barua alikuwa amehofia, na meneja wa hoteli akaiandika siku hiyohiyo, akasifu na mashati. Kitambulisho alikuwa nacho. Lakini uchafu na mikunjo? Kama benki wana shida ya uchafu na mikunjo, basi katika milki yote ya Mlima Kenya hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari zaidi kuliko yeye.

Ijumaa alasiri alikuwa nyumbani, mikono ya shati imekunjwa. Aliumwaga mkebe mezani. Watiri alishika noti moja kwa vidole viwili. Ilikuwa ya rangi ya tumbaku, imejikunja kama sikio la mbuzi, na ilinuka maharagwe ya miaka mingi.

"Hii inaweza kuwa ni pesa," Watiri akasema, "ama ni ile ugoro ya mama yako."

"Leo jioni utaitambua."

"Unataka kuosha pesa? Baba Wachuka, hiyo ni karatasi!"

"Karatasi gani! Nimefua suruali ngapi zikiwa na noti ndani? Zinatoka kama zimetoka kubatizwa. Leta karai."

Na hapo Ngatia alisema kweli. Noti ziliingia kwenye maji zikiwa tumbaku zikatoka zikiwa dola, kila moja na mzee wake wa nywele ndefu akitazama upande. Hata Watiri alikubali. Kama mambo yangekomea hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na isingekuwa na maana yoyote. Lakini dobi hakomei kwenye maji. Akageuka, akachukua sufuria iliyokuwa imefunikwa pembeni, na harufu ya mchele wa Mwea ikajaa nyumba.

"Na hiyo wanga ni ya nini?" Watiri akauliza.

"Mama Wachuka," Ngatia akajibu kwa upole, kama mwalimu kwa mtoto wa darasa la kwanza, "shati bila wanga ni kitambaa tu."

Basi kila noti ikaingia kwenye wanga. Kila noti ikapigwa pasi ya makaa, mbele na nyuma, pembe kwa pembe. Zikapangwa, zikafungwa kwa leso ya buluu. Zilipoisha, Ngatia alichukua dola moja akaisimamisha mezani kwa ukingo wake. Ikasimama wima. Haikuyumba. Akamwita mkewe aje aone, na wote wawili wakaitazama, na Ngatia akahisi kwamba hata aliyeichapisha hakuwahi kuiona ikiwa na heshima kiasi hicho.

Jumamosi kulikucha kwa ukungu wa Julai, ule wa Nyeri ambao hukaa kwenye kola kama mgeni asiyejua kuaga. Benki ilifunga saa tano, kwa hiyo walitoka mapema kwa miguu, Watiri na kiondo, pesa chini, nduma juu. Ngatia alivaa koti la Peterson, ambalo mikono yake ilikata tamaa njiani ikaishia chini kidogo ya kiwiko.

Ndani ya benki laini ilikuwa ndefu. Wakulima walikuwa wamelipwa kahawa, na kila mmoja alitaka kuona pesa zake kwa macho. Na katikati ya laini, tumbo mbele, alisimama Wamae na kitabu chake cha akiba, naye amefuata pesa za mtamba yuleyule.

"Rika yangu!" Wamae akaita, watu wote wasikie. "Umekuja kuosha madirisha?"

"Nimekuja kusimamisha kazi," Ngatia akajibu, lakini sauti haikuwa ile ya harusini.

Dirisha la pesa za kigeni halikuwa na laini. Nyuma yake alikaa Mbula, mama wa Kikamba mwenye miwani na macho yasiyopitwa na kitu. Alisoma barua ya meneja wa hoteli, akatikisa kichwa kukubali. Akatazama kitambulisho, akakubali. Ngatia akaanza kupumua. Kisha Watiri akatoa nduma moja moja akazipanga kaunta, akafungua leso, akasukuma pesa mbele.

Mbula aliinua noti ya kwanza kwa pembe. Noti zote duniani, ukizishika kwa pembe, huinama. Hii haikuinama. Akaigonga kaunta. Ikalia: ta, ta, kama kigae.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni dola, mama."

"Dola mimi naijua. Naishika kila siku. Dola inainama." Akaisogeza puani. Akavua miwani, akanusa tena. "Na mbona hii inanukia wali?"

Alijaribu kuhesabu. Noti mbili zilikuwa zimeshikana kama mapacha wa tumboni, hazikuachana. Tatu zilizofuata nazo pia. Mbula akaziweka chini taratibu, akanyanyuka, akaenda kumwita meneja.

Meneja Mutahi alikuja, akaiinua noti kwenye mwanga wa dirisha, na kwa kuwa asubuhi hiyo dirisha halikuwa na mwanga, hakuona kitu.

"Siwezi kusema ni bandia," akasema, "na siwezi kusema ni halali. Itabidi ziende Nairobi zichunguzwe. Tutakupa stakabadhi. Rudi baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili!" Ngatia akasema. "Bwana meneja, ng'ombe ni ya leo. Kabla jua izame!"

"Ng'ombe gani?"

Kelele zilimfikia konstebo Khisa, askari wa mlangoni, mtu wa Bungoma, mrefu kama mlingoti. Akaja akasimama nyuma ya Ngatia, bunduki begani. Ngatia akaitazama ile bunduki. Nusu ya maneno yake ya harusini ilikuwa imetimia, na hakuipenda hata kidogo. Kutoka kwenye laini alimsikia Wamae akimweleza mtu wa mbele, "Ni jirani yangu. Tumemwombea sana."

Ngatia alifungua kinywa. Kinywa kile kilichojaza hema sasa hakikutoa kitu. Alichoona mbele yake kilikuwa zizi tupu, na Watiri langoni kwa Murugi, na chupa.

Watiri ndiye aliyesogea kaunta. Alikuwa ameliona lango hilo mara nyingi zaidi.

"Bwana meneja, hapa hakuna uchawi. Hiyo ni maji ya mchele. Bwana yangu ni dobi. Aliambiwa benki hawataki uchafu wala mikunjo, akazipiga wanga kama shati ya padri. Ni makosa ya kazi. Sasa, kitu imeingia wanga inatolewa na maji. Nipatieni karai."

Mbula aliziba mdomo kwa mkono. Mabega yake yakaanza kucheka peke yake.

"Mama, hii ni benki," Mutahi akasema. "Hatuna karai."

"Na vikombe vya chai mnaoshea wapi?"

Mutahi akaitazama noti tena. Mtu huyu alikuwa meneja, lakini pia alikuwa mtoto wa mama aliyefua, na akili ikamjia: rangi ya mtu mwongo haivumilii maji.

"Sawa," akasema. "Uani, machoni pangu. Rangi ikitoka, konstebo yuko hapa. Rangi ikibaki, tutahesabu. Mbula, njoo na wewe. Khisa, usimame karibu."

"Karibu kiasi gani, mkubwa?"

"Karibu mpaka urushiwe maji."

Uani nyuma ya benki palikuwa na mfereji, karai la vikombe, na ua wa waya uliotazamana na barabara. Ngatia alivua koti la Peterson, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa. Na hapo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alijua mikono yake ikae wapi. Maji baridi, bila sabuni. Noti haisuguliwi, unailaza, unaitikisa kwa kiganja, unaiacha iachie yenyewe. Maji yakawa meupe kama uji wa mgonjwa. Mapacha wakaachana mmoja mmoja bila kuchanika. Mbula akachuchumaa upande wa pili, akipokea kila noti, akiigeuza, akiipitisha kidole.

"Rangi imebaki," akasema ya kwanza. "Imebaki. Hii pia imebaki. Ehe, Mjerumani naye amebaki."

"Huyo hatoki," Ngatia akasema, sauti yake ikianza kurudi. "Nilimfua jana kwa maji moto."

Ndani ya benki habari haikuchukua muda. Karani wa shilingi aliomba dakika moja aende dirisha la nyuma kuona, na dakika yake ikawa ndefu. Mwenzake akamfuata kumwita, naye hakurudi. Mchapishaji barua aliacha mashine ikiwa katikati ya neno. Wenye laini wakabaki wakitazama viti vitupu, kisha nao wakatoka nje wakazunguka mpaka kwenye ua wa waya. Benki ilikuwa imesimamisha kazi kabisa, na uani kwake mtu mmoja alikuwa amechuchumaa juu ya karai la dola, askari na bunduki amemsimamia.

"Afande," mama mmoja akauliza kupitia waya, "huyo ni nani analindwa hivyo?"

Khisa alifikiri. "Ni mteja," akasema.

Wazee wachache wa kahawa hawakuacha laini. Walikaa mahali pao ndani, wakilinda nafasi kama wanavyolinda mpaka wa shamba. Wamae angeweza kukaa nao, na alikuwa amebakiza watu wawili tu kufika kaunta. Lakini kuna kicheko ambacho mtu hawezi kukiacha kimpite. Alitoka, akazunguka, akasukuma watu, akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Dobi amefuata nguo mpaka benki!" akapaza sauti. "Ngatia! Ukimaliza hizo niko na soksi!"

Watu wakacheka. Ngatia hakuinua kichwa. Alikuwa na shida kubwa kuliko Wamae: kukausha. Ukungu ulikuwa umekaa palepale juu ya mji, na noti mbichi haihesabiki. Ukianika kwa hewa ile, zingekauka Jumatatu.

"Pasi," akamwambia mkewe. "Bila wanga, naapa."

Barazani mbele ya benki walikaa mafundi wa nguo na vyerehani vyao. Watiri alikimbia akarudi na pasi ya makaa, na nyuma ya pasi akaja mwenyewe, mama fundi, futi ya kupimia shingoni.

"Pasi yangu haitembei bila mimi," mama fundi akatangaza. "Na nikikubali ipige pesa, haitapiga pesa za bure. Utanilipa."

"Nitakulipa, mama."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Walitandika gunia tupu la sarafu juu ya benchi na kitambaa juu yake. Ngatia akapiga pasi dola, pauni, maki na faranga, kwa moto mdogo, akinyanyua kila moja na kuishika kwa pembe mbele ya macho ya Mutahi. Ya kwanza ikainama. Watu kwenye waya wakashangilia kama timu ya Ruring'u imefunga bao. Kila iliyoinama ikashangiliwa, na Wamae juu ya jiwe lake akawa anacheka zaidi kuliko wote, machozi yakimtoka, mpaka alipomsikia mlinzi wa ndani akivuta mlango mkubwa wa mbele na kuutia komeo.

Ilikuwa saa tano.

Wamae aliruka kutoka jiweni. Akazunguka mbio, tumbo likimfuata safari hii, akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Fungua! Mimi nilikuwa kwa laini! Niko na laini!"

"Laini iko ndani, mzee," sauti ya mlinzi ikajibu. "Wewe uko nje. Njoo Jumatatu."

Ndani, Mbula alihesabu, akahesabu tena, akaandika, akampelekea Mutahi akatia sahihi. Kisha akamhesabia Ngatia shilingi, zilizolegea, zenye mikunjo, zilizonuka mikono ya soko zima. Alipomaliza akaziweka kaunta bila kuzisukuma.

"Mzee, hizi nikupatie hivihivi, ama nizipake wanga kwanza?"

"Hivihivi, mama," Ngatia akasema. "Hizi zikiwa chafu, zinajulikana."

Aliwalipa mama fundi na pasi yake, mara mbili. Watiri akarudisha nduma kwenye kiondo, lakini moja akaiacha kaunta kwa Mbula na moja akamwekea Khisa mfukoni. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakashika njia ya Kiganjo.

Mzee Kingori alikuwa ameketi nje ya nyumba yake. Habari ya karai ilikuwa imemfikia kabla yao, kwa maana habari haina mizigo. Aliipokea pesa, akachomoa noti moja katikati, akaishika kwa pembe. Ikainama.

"Hii ni pesa," akasema, akamwelekeza Watiri kwenye kamba.

Watiri ndiye aliyemwongoza mtamba njia nzima hadi Ruring'u, na hakumpa Ngatia ile kamba hata alipoomba mara tatu. Ngatia alitaka ng'ombe aitwe Dola. Watiri akasema hataki kusimama mlangoni gizani akiita dola na wezi wakiitika. Wakamwita Karai.

Walipita mbele ya lango la Wamae jua likiwa bado kidole kimoja juu ya vilima. Wamae alikuwa amesimama pale, kitabu cha akiba kingali mfukoni.

"Rika," Ngatia akasema, akiinua kofia, "si nilikwambia benki itasimama?"

"Ilisimama," Wamae akajibu. Alikuwa na mdomo mkali lakini hakuwa mwongo. Akakuna kichwa. "Hata mimi nilienda kuona."

Karai alizaa miezi michache baadaye, ndama jike, na maziwa yakawa mengi kuliko vyombo. Mwaka huo ng'ombe wa Wamae walikauka wote wakati mmoja wakisubiri kuzaa, na wakwe wakatuma ujumbe kwamba wanakuja kunywa chai. Asubuhi hiyo Watiri alisikia lango likigongwa. Ni Murugi, na chupa.

Watiri akaijaza mpaka shingoni, mazito, hayajawahi kuonana na maji. Akaifunga kwa kizibo cha gunzi, akampa. Ushauri hakutoa.

Akapokea bei ileile aliyokuwa akilipa yeye langoni kwao: chupa moja ya maziwa, senti themanini.